Kununua linki ili tovuti ipande Google: tupime faida na hatari, hasa sisi wa Kigoma

Fundi Tovuti Kigoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Natengeneza tovuti hapa Kigoma mjini. Wateja wangu wengi ni watu wa utalii: wenye boti, wenye loji za ufukweni, waongozaji wa hifadhi za Gombe na Mahale. Wiki hii bosi mmoja wa kampuni ya safari yenye loji yake amenirushia barua pepe aliyotumiwa na mtu asiyemjua. Ndani kuna orodha ndefu ya tovuti na kila moja ina bei yake: hii dola 40, ile dola 90, nyingine dola 250. Anaahidiwa kwamba akinunua linki kadhaa, yaani tovuti hizo zimwekee maneno ya kubonyeza yanayompeleka msomaji kwenye tovuti yake, itakaa ukurasa wa kwanza wa Google. Bosi kaniuliza kwa kifupi: "Tununue au tuache?" Nimeona jibu lake haliwezi kuenea kwenye meseji, na najua wengi humu mmeshatumiwa ofa kama hiyo, nikaona nifungue uzi.

Nianze na faida, maana wengi wanaopinga hawataki hata kuitaja. Linki zina kazi, na zina kazi kubwa. Google yenyewe imezaliwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hesabu yao ya PageRank: ukurasa mmoja ukiweka linki kwenda ukurasa mwingine, hiyo ihesabiwe kama kura. Kura ya ukurasa ambao nao umepigiwa kura nyingi ina uzito mkubwa. Uzito huo unagawanywa kwa linki zote zinazotoka kwenye ukurasa, kwa hiyo ukurasa uliorundika linki mia mbili unampa kila mmoja kidogo sana. Tangu hapo Google imeongeza vigezo vingi, lakini linki hazijaondolewa.

Sasa angalieni hali yetu. Mtu yuko Chicago anataka kuja kuona sokwe mtu wa Gombe. Akitafuta, anakutana na nani kwanza? Kampuni za Arusha, mawakala wa London, na tovuti kubwa za safari zilizoanza kuandikwa siku nyingi. Wengi wao hawana hata boti moja pale Kibirizi zinapoondokea boti zetu. Wakipata mgeni wanatupigia simu sisi tumpeleke, wao wanabaki na sehemu nono ya fedha. Hawatushindi kwa kuijua Gombe. Wanatushinda kwa linki walizokusanya muda mrefu. Na ukiandika "Gombe" peke yake unaingia kwenye ushindani na Jimbo la Gombe la Nigeria. Mwenye loji iliyofunguliwa juzi, tovuti yake ina linki ya Facebook na ya rafiki yake, lazima aone ofa ya dola 90 kama mlango umefunguka. Simlaumu hata kidogo.

Lakini mlango wenyewe ndio huu. Kanuni za Google zinasema wazi kwamba kununua au kuuza linki kwa lengo la kupandisha nafasi ni spamu. Hilo wauzaji wanalijua. Wasichokuambia ni jinsi mambo yalivyobadilika. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua Penguin, mfumo uliozishusha tovuti zilizojaa linki za hila, na kuna biashara ziliamka asubuhi zikakuta hazionekani. Septemba 2016 Penguin ikaingizwa kwenye mfumo mkuu, ikawa inafanya kazi muda wote. Tangu hapo, badala ya kuishusha tovuti nzima, mara nyingi inazipuuza tu linki mbaya. Kuanzia 2018 kuna SpamBrain, mfumo wa akili bandia wa kukamata spamu, na Desemba 2022 Google ikatangaza kwamba sasa unatumika kuzifuta nguvu linki za kununuliwa, upande wa anayenunua na upande wa tovuti zinazotumika kuziuza.

Naomba hapa mnielewe vizuri. Watu wanaogopa kufungiwa, na kufungiwa kupo. Ila kwa mfanyabiashara mdogo wa Kigoma, hasara anayoikaribia zaidi ni nyingine: atalipa, linki itawekwa, ataiona kwa macho yake, na Google haitaihesabu. Hakuna atakayemwambia. Muuzaji atamwonyesha linki iko hewani, mkataba umekwisha, na mwezi ujao atamuuzia nyingine.

Nimeipitia orodha ya bosi mstari kwa mstari. Nikachukua tovuti moja ya dola 90, wameiandika "DA 54". Kwa nje ni blogu ya afya. Nikafungua makala ya malaria. Aya ya kwanza inaeleza dalili za homa. Aya ya pili, katikati ya sentensi, kuna linki ya kasino ya mtandaoni. Aya ya tatu, kupandikiza nywele Uturuki. Chini yake mikopo ya haraka. Nikafungua makala nyingine, lishe ya mama mjamzito, humo nikakuta linki ya kampuni ya kuhamisha mizigo Dubai. Hakuna jina la mwandishi, hakuna anwani, na ukurasa wa mawasiliano una mstari mmoja tu, wa kukaribisha wanaotaka kutangaza. Sasa mkae mfikirie jina la loji yetu limebanwa hapo kati ya kasino na nywele. Nani atalisoma akaamua kufunga safari ya Kigoma? Wasomaji hawapo pale. Waliopo ni wanunuzi wa linki, kila mmoja kaweka yake akaondoka.

Na hiyo "DA 54" isiwatishe. DA ni alama ya kampuni ya Moz, DR ni alama ya Ahrefs. Ni makampuni binafsi yanayokadiria nguvu ya tovuti kwa hesabu zao, Google hazitumii. Na alama hizo zinapandishwa kwa makusudi. Mtu anatafuta domeini (jina la anwani ya tovuti) ya zamani ambayo mwenyewe ameacha kuilipia, yenye linki nyingi za heshima, anainunua na kuielekeza kwenye blogu yake, na alama inapaa. Mkoa wetu unalijua hili kwa karibu zaidi ya wengine. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ianzishwe 1996 mashirika yamekuja na miradi, miradi inafunguliwa tovuti, mradi ukiisha hakuna anayekumbuka kulipia domeini. Majina ya namna hiyo ndiyo wauzaji wa linki wanayawinda duniani kote, kwa sababu yana linki za mashirika makubwa na vyuo vikuu. Machi 2024 Google iliandika kwenye kanuni zake kwamba kuchukua domeini iliyoisha muda ili kupata nafasi kwenye utafutaji ni spamu.

Msimamo wangu: kwa biashara ya hapa, kununua linki kwenye orodha kama hizi ni kuchoma fedha, na nitamwambia bosi hivyo. Ila nataka nisikie na wenye mtazamo tofauti, hasa waliowahi kununua.

Nawasilisha.

---

Mzee wa Kariakoo

Mkuu nimekusoma hadi mwisho, umeeleza vizuri, ila umeegemea upande mmoja. Mimi nipo Dar, nafanya SEO, yaani kazi ya kupandisha tovuti kwenye Google, kwa makampuni, na linki tunanunua. Nitasema ukweli.

Kwanza, orodha uliyoonyeshwa ni takataka, hapo hatubishani. Hakuna anayejua kazi akanunua kwenye orodha iliyotumwa kwa kila mwenye barua pepe. Linki inayonunuliwa kwa akili inatoka kwenye blogu ya safari yenye wasomaji wa kweli, imeandikwa na mtu, ndani ya makala inayohusu Afrika Mashariki, na haina kasino jirani. Hiyo haiuzwi dola 40. Ni dola mia tatu, mia nne, na zaidi.

Pili, piga hesabu. Chukulia mgeni mmoja wa Mahale kwa siku nne anaacha dola 1,500, faida yako dola 400. Ukitumia dola 1,200 kwa linki tatu nzuri, wageni watatu wamezirudisha. Wa nne kwenda mbele ni faida. Biashara gani Kigoma inakurudishia namna hiyo? Na hao wa Arusha unaowalalamikia, unadhani wote linki zao zimekuja zenyewe? Wanaosubiri linki zije zenyewe watasubiri sana.

Tatu, Google haioni kila kitu. Mhariri akikubali makala, akaiweka, akalipwa kimya kimya, mashine itajuaje?

---

Fundi Tovuti Kigoma

Shukrani mkuu kwa kusema wazi, huu ndio mchango niliokuwa nautaka.

Hesabu yako naikubali kama hesabu. Tatizo langu liko kwenye vitu vitatu ambavyo haijavigusa.

Hesabu inachukulia kwamba linki ikishawekwa itabaki. Nyingi ya hizo ni za kukodi hata kama hawakuambii. Mwenye blogu akibadili mwonekano, akiuza tovuti, au akiamua makala za zamani zote zifutwe, linki yako imekwenda na huna pa kudai, kwa sababu makubaliano yenu yenyewe ni ya kificho. Na Google imeeleza kwamba linki zikishafutwa nguvu, nafasi uliyokuwa umepata kwa ajili yake inapotea na hairudi. Huna chochote mkononi cha kuanzia upya.

La pili ni msimu. Wageni wa Mahale na Gombe wanakuja kwa wingi kiangazi, Juni hadi Oktoba, na wanapanga safari miezi kadhaa kabla. Kampuni ya Dar yenye wateja mwaka mzima ikishushwa mwezi mmoja inaumia ila inapona. Loji ya Kigoma ikipotea kwenye Google mwezi wa Februari hadi Mei, imepoteza mwaka mzima. Kwenye hesabu yako lazima uweke uwezekano huo na bei yake, na bei yake si dola 1,200. Ni mapato ya msimu pamoja na mishahara ya watu.

La tatu, unasema mashine itajuaje. Blogu inayokuuzia wewe inawauzia na wengine, ndiyo biashara yake. Mwingine ni wa bima, mwingine wa samani, mwingine wa simu. Baada ya muda ukurasa baada ya ukurasa una linki ya nje moja au mbili zenye maneno yaleyale ya kibiashara: "best Gombe chimpanzee safari", "cheap travel insurance". Mwandishi wa kawaida haandiki hivyo. Anaandika jina la loji, au "hapa", au "tovuti yao". Maneno yanayobonyezwa yakiwa yamepangwa kiufundi mno kwenye linki zako nyingi, hiyo ni alama inayoonekana kirahisi bila mtu yeyote kutoa siri.

---

Dada wa Kasulu

Habari zenu. Naomba niongeze kwa sababu nimeyaona kwa karibu.

Kuna ofisi nilifanya kazi zamani, Dar, sitaitaja. Waliajiri wakala wa nje awapandishie tovuti. Miezi ya mwanzo ilikuwa furaha tupu, simu zinalia, kila mtu anampongeza. Siku moja nikaingia Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, nikakuta taarifa ya adhabu ya mkono, sababu ikiwa linki zisizo za asili zinazoelekea kwenye tovuti yetu. Kwa wasiojua, hii si mashine. Mtu wa Google ameikagua tovuti yako na kuamua.

Kazi ya kutoka pale sitaisahau. Unapakua orodha ya linki zote. Unafungua moja baada ya nyingine, unaandika ipi imenunuliwa. Unamtafuta mwenye tovuti umwombe aiondoe. Wengine hawajibu kabisa, wengine wanakudai fedha ili waiondoe, yaani umelipa kuwekwa na sasa unalipa kutolewa. Zinazoshindikana unaziweka kwenye faili la maandishi na kulipeleka kwenye chombo cha kuzikataa linki (disavow), kile Google ilichokitoa Oktoba 2012. Halafu unaandika ombi la kufikiriwa upya, ueleze ulichofanya na ushahidi. Unasubiri. Ombi letu la kwanza lilikataliwa kwa sababu hatukuwa tumesafisha za kutosha.

Wakala alikuwa ameshalipwa na hapokei simu. Na adhabu ilipoondolewa hatukurudi tulipokuwa, kwa sababu tulipokuwa palishikiliwa na linki zilezile tulizoziondoa. Hilo ndilo watu wengi hawalijui, wanadhani adhabu ikitoka mambo yanarudi kama awali.

Ninachowaomba wenye biashara ndogo: kabla ya kumkabidhi mtu tovuti, hakikisha Search Console iko kwenye akaunti yako mwenyewe. Sisi ingekuwa kwa wakala tusingejua hata nini kimetupata.

---

Mawese Asilia

Samahani wakuu, mimi nauza mawese na dagaa wa Kigoma, natuma Dar na Mwanza. Nina katovuti kadogo nilikotengenezewa na kijana wangu. Na mimi natakiwa kuwaza hizi linki?

---

Fundi Tovuti Kigoma

Hapana ndugu yangu, usitoe hata senti. Wateja wako wanatoka WhatsApp na kwa kuambiana. Jiandikishe kwenye wasifu wa biashara wa Google, ni bure, weka eneo lako kwenye ramani, namba ya simu inayopokelewa, na picha halisi za mzigo wako. Matokeo ya ramani Google inayapanga kwa kuangalia unalingana vipi na kinachotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Kila mteja aliyeridhika mwombe aandike maoni. Maoni ya kweli lakini, ya kununua nayo yana matatizo yake.

---

Reli ya Kati

Mimi natokea Tabora, nauza asali kwa jumla. Mshindani wangu nimemchunguza kwa vifaa vya bure, ana linki nyingi za kununua, za kihuni kabisa, na yuko juu yangu muda mrefu. Hao Google wako wapi? Mnatuambia tusinunue wakati wanaonunua ndio wanakula.

---

Fundi Tovuti Kigoma

Uchungu wako naufahamu kaka, na sitakwambia kwamba kila anayenunua anakamatwa. Si kweli. Wapo wanaokaa juu miaka.

Ila jiulize: una uhakika gani kwamba zilizompandisha ni hizo linki za kihuni? Kifaa cha bure kinakuonyesha linki zipo. Hakikuonyeshi kama Google inazihesabu. Inawezekana kabisa zote zimepuuzwa, na yuko juu kwa sababu domeini yake ni ya zamani, au ameandika kurasa zinazojibu maswali ya wanunuzi, au ana linki mbili tatu za kweli kutoka kwa wanunuzi wa asali wa nje ambazo hukuzitilia maanani kwa kuwa macho yako yalikuwa kwenye zile mbaya. Nimeona watu wengi wakimuiga mshindani kwenye kitu ambacho hakikumsaidia, wakaacha kilichomsaidia.

Tazama zile chache nzuri. Ndizo za kufuatilia. Na kama una ushahidi wa spamu, Google ina fomu ya kuripoti, ijaze, kisha rudi kwenye asali yako.

---

Mwanga Kusini

Wakuu, naomba nitofautiane kidogo na hii hofu. Makampuni makubwa yamekamatwa na yapo mpaka leo. Kwa hiyo adhabu si kifo.

---

Fundi Tovuti Kigoma

Ni kweli makubwa yamekamatwa, na mifano yake ifaa tuiangalie vizuri, kwa sababu inatuhusu kwa namna tofauti na unavyosema.

Februari 2011 gazeti la New York Times liliandika habari za J.C. Penney, duka kubwa la Marekani. Lilikuwa la kwanza kwenye utafutaji wa nguo, mashuka, mazulia, vitu vya kila aina, msimu mzima wa sikukuu. Nyuma yake kulikuwa na maelfu ya linki kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa zake. Kampuni ikasema haikuziagiza, ikamfukuza mshauri wake wa SEO. Google ikaishusha. Kwa neno moja la mabegi ya safari ilitoka nafasi ya 1 hadi ya 71.

Februari 2013 ikawa zamu ya Interflora, wauza maua wa Uingereza. Makala za kulipiwa kwenye magazeti ya mikoani zilikuwa na linki zake. Ikapotea hata ukitafuta jina lake lenyewe. Ilirudi baada ya siku 11 hivi, kabla ya Siku ya Akina Mama ya Uingereza ambayo ni sikukuu ya maua. Na Januari 2012 Google iliushusha ukurasa wake yenyewe, wa kivinjari cha Chrome, kwa sababu ya makala za kulipiwa zilizoandikwa na mawakala.

Sasa kwa nini walirudi? Wana jeshi la watu wa kusafisha linki kwa siku chache. Na zaidi ya hapo, watu wanawatafuta kwa jina. Mwingereza akiandika Interflora asiione, anaona Google ndiyo mbovu. Google ina sababu ya kutaka warudi. Loji ya watu sita pale Katonga ikipotea, kuna mtu yeyote Chicago atashangaa? Atabonyeza ya Arusha tu. Kwa hiyo adhabu ileile inamgusa mkubwa kwa siku kumi na moja, na mdogo inaweza kummaliza.

---

Kijana wa Bangwe

Swali la mwanafunzi. Kama blogu ya utalii inaniandikia makala nailipa, je, hiyo nayo ni kosa? Matangazo si yapo siku zote?

---

Dada wa Kasulu

Naomba nijibu hili. Kutangaza si kosa mdogo wangu. Kosa ni kulipia linki ihesabiwe kama kura ya hiari. Ndiyo maana kuna alama zinazowekwa kwenye msimbo wa linki. Tangu 2005 kuna rel="nofollow", na Septemba 2019 Google ikaongeza rel="sponsored" kwa ajili ya linki za kulipiwa. Ukiweka hiyo, uko salama. Mwenye blogu anapata fedha yake, wewe unapata wasomaji wake, na hakuna anayemdanganya mtu.

Na hapo ndipo penye kipimo kizuri. Muulize muuzaji: "Ukiweka alama ya sponsored, bei ni ileile?" Kama blogu ina wasomaji wa kweli bei haishuki sana, maana unalipia wasomaji. Akikwambia basi haina maana, amekujibu mwenyewe kwamba wasomaji hana.

---

Mzee wa Kariakoo

Dada kipimo hicho nimekipenda, hata mimi nitakitumia. Bado nasimama kwenye hoja yangu kwamba kwa mwenye mtaji na anayejua kuchagua, linki za kununua zinalipa. Ila nakubali kwamba kwa loji inayotegemea miezi mitano ya mwaka, na domeini moja tu, mimi mwenyewe nisingemshauri. Wateja wangu wanaonunua wana vyanzo vingine vya wateja. Google ikiwageuka hawalali njaa.

Sasa mkuu, bosi wako afanye nini? Usimwambie aache tu halafu akae.

---

Fundi Tovuti Kigoma

Swali la haki, na nimeshaanza kumwandikia.

Ile dola mia sita aliyotaka kutoa naitaka iingie kwenye ukurasa mmoja ambao Arusha hawawezi kuuandika: namna ya kutoka Kigoma mjini mpaka Gombe na Mahale. Mgeni anayepanga safari yake mwenyewe anateseka kupata habari hizi. Boti za abiria zinaondokea wapi pale Kibirizi, zinajaa saa ngapi, zinamshusha Gombe au zinapitiliza hadi Mwamgongo, nauli ni kiasi gani, ziwa likichafuka anafanya nini, boti ya kukodi inagharimu kiasi gani na inabeba wangapi. Treni ya Reli ya Kati kutoka Dar inaingia siku zipi. Na Liemba: watu wa nje wanaipenda mno meli hii, iliyoundwa Ujerumani 1913, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kuingia majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Wanachotaka kujua kabla ya kupanga safari ni kama inafanya kazi au haifanyi. Kurasa nyingi mtandaoni zinarudia ratiba za zamani zilizonakiliwa huku na kule. Ukurasa wa mtu aliyepo Kigoma, wenye tarehe ya lini habari zilihakikiwa, wenye picha za gati zilizopigwa mwezi huu, waandishi wa safari watauwekea linki wenyewe kwa sababu unawaokolea kazi. Hizo ni linki ambazo hakuna muuzaji anaweza kuzing'oa.

Halafu kuna wageni waliokwishalala kwake. Loji za huku zinapokea watafiti wa sokwe mtu na wa samaki wa ziwa, waalimu wa vyuo, wapiga picha. Wengi wana blogu au kurasa kwenye tovuti za vyuo vyao. Mtu aliyelala kwako wiki mbili akafurahi, ukimwandikia kwa adabu kwamba akitaja safari yake aitaje na loji, mara nyingi hakatai. Bosi hajawahi kumwomba hata mmoja. Ana daftari la wageni limejaa majina na barua pepe, liko kaunta.

Fedha ikibaki, atangaze waziwazi kwenye blogu moja ya wasomaji wa kweli, yenye alama ya sponsored kama Dada wa Kasulu alivyoeleza.

Itachukua muda kuliko alivyoahidiwa kwenye ile barua pepe, nami sitamficha hilo. Ukurasa mpya unaweza kukaa miezi kabla haujaonekana vizuri, kwa hiyo nataka uwe hewani mapema, wakati watu wa kiangazi hawajaanza kupanga.

Naomba msaada mmoja kwa wadau wa hapa: mwenye habari za uhakika za boti za kwenda kaskazini, siku zenye safari, muda na nauli ya sasa, anisaidie. Sitaki kuandika kitu cha kusikia.

---

Kijana wa Bangwe

Mkuu mjomba wangu ana boti ya abiria Kibirizi, anakwenda hadi Mwamgongo. Kesho nitakuwa naye, nitamuuliza yote hayo na kupiga picha. Nakufuata inboksi.